Gitaa lenye kasoro: somo la kutengeneza pamoja

Katika mitaa mingi ya Kalemie, na katika vijiji vya barabara ya Nyunzu, utakuta kijana mwenye gitaa alilojitengenezea mwenyewe. Sanduku la sauti ni bati la mafuta ya kula, shingo ni kipande cha ubao, nyuzi ni waya wa breki ya baiskeli. Mara nyingi gitaa hilo halikubali kupigwa vizuri. Nyuzi zinalegea, shingo inapinda, na nota za juu hazipatani na zile za chini. Watu hucheka, au humwambia kijana alitupe.

Sisi tumeona kwamba gitaa la namna hiyo ni kifaa kizuri sana cha kufundishia. Kwanza, halina thamani kubwa, kwa hiyo mwanafunzi haogopi kuliharibu. Pili, lina kasoro nyingi kwa wakati mmoja, na kila kasoro ina sababu yake. Tatu, ni vigumu kulitengeneza ukiwa peke yako: mmoja lazima ashike, mwingine apime, mmoja apige, mwingine asikilize. Makala hii inaeleza jinsi ya kuendesha somo hilo kwa vijana wa jamii zilizogombana, hatua kwa hatua.

Malengo ya somo

Mwisho wa somo washiriki wataweza:
• kutambua kasoro 5 za kawaida za gitaa la kujitengenezea, na sababu zake;
• kuzirekebisha kwa vifaa vinavyopatikana sokoni na kwa wavuvi;
• kutofautisha dalili ya tatizo na chanzo chake, katika gitaa na katika jamii;
• kupanga na kugawana kazi na malipo kwa haki.

Kwa nini gitaa?

Gitaa si kitu kigeni kwetu. Katanga ya zamani, ambayo Tanganyika ilikuwa sehemu yake hadi mgawanyo wa mikoa wa 2015, inajulikana ulimwenguni kwa wapiga gitaa wake. Jean-Bosco Mwenda, aliyezaliwa Bunkeya mwaka 1930, alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi. Alipiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada, akaimba kwa Kiswahili, na wimbo wake "Masanga" ukajifunzwa na wapiga gitaa wa nchi nyingi. Karibu zaidi na siku zetu, kikundi cha Staff Benda Bilili cha Kinshasa kilitoa albamu mwaka 2009. Humo inasikika ala ya uzi mmoja iliyotengenezwa kwa kopo tupu. Vijana wanapojua habari hizi, hawaoni aibu tena kwa bati lao.

Kuna sababu nyingine. Tangu 2013 hadi 2017 na baadaye, mkoa wetu uliumizwa na vita kati ya Batwa na Baluba. Vijiji vilichomwa Manono, Nyunzu, Kabalo na Kalemie. Zaidi ya watu nusu milioni walikimbia makwao, na wengi waliishi kambi kama Kalunga na Katanika, pembeni ya mji. Chanzo hakikuwa kimoja. Batwa wengi walifanya kazi katika mashamba ya wengine kwa malipo madogo, mara nyingi kwa chumvi, unga au pombe badala ya franka. Hawakuwa na ardhi iliyotambuliwa wala sauti mbele ya chifu. Kwa upande mwingine, familia nyingi za Baluba zilipoteza ndugu, nyumba na mavuno, na bado zinaogopa kurudi. Mnamo Februari 2017 jukwaa la amani lilifanyika Kalemie, na mabaraza ya vijiji yaliundwa ambamo Batwa na Baluba hukaa pamoja. Hata hivyo, kukaa pamoja katika mkutano ni jambo moja. Kufanya kazi kwenye meza moja ni jambo lingine.

Kwa nini tusigawe magitaa mapya?

Swali hili huulizwa kila mara. Jibu ni kwamba msaada unaweza kuleta ugomvi. Mary Anderson aliandika mwaka 1999 kuhusu kanuni ya kutodhuru: kila msaada unaoingia mahali pa vita huimarisha ama vitu vinavyounganisha watu, ama vitu vinavyowatenganisha. Magitaa 5 mapya kwa vijana 20 huzaa swali la nani apewe. Gitaa likiharibika, hakuna anayejua kulitengeneza, na nyuzi mpya zinatoka mbali. Ujuzi ni tofauti. Ukimpa mtu ujuzi, aliyekufundisha hapungukiwi, na unabaki baada ya mradi kufungwa. Jambo hili lina uzito hapa kwetu, kwa maana mashirika mengi yamepunguza kazi, na MONUSCO yenyewe iliondoka Tanganyika mwaka 2022.

Maandalizi

Kikundi: watu 8 hadi 12, wavulana na wasichana, nusu kutoka kila jamii. Wagawe wawili wawili, mmoja kutoka kila upande. Usiwalazimishe siku ya kwanza. Waache wachague, kisha uwasaidie kukamilisha.

Muda: siku 4 za nusu siku, au Jumamosi 4 mfululizo.

Vifaa kwa kila meza:
• gitaa moja la kujitengenezea lenye kasoro (mwenyewe awe amekubali);
• msumeno mdogo, tupa, kisu, nyundo, koleo na msasa;
• gundi ya mbao, unga wa mbao, chaki na sabuni kavu;
• waya wa breki uliochakaa na nailoni ya wavuvi ya unene mbalimbali;
• spoku za baiskeli kwa ajili ya freti, yaani vile vyuma vya kukatiza juu ya shingo;
• rula au utepe wa fundi cherehani, penseli na vipande virefu vya karatasi.

Tahadhari: Usitumie makopo yaliyobeba dawa za kuua wadudu au rangi. Kunja kingo za bati kwa nyundo ili zisikate mikono. Legeza nyuzi zote kabla ya kugusa shingo. Uzi wa chuma ukikatika unaweza kuumiza jicho. Anayekaza nyuzi aweke uso pembeni.

Hatua ya 1: Sikiliza kabla ya kugusa

Weka gitaa mezani. Mwenyewe alipige kwa dakika chache, hata kama linaudhi masikio. Wengine wanyamaze. Halafu kila mmoja aseme alichosikia, bila kutaja aliyelitengeneza. "Uzi wa tatu unalia kama nzi" ni sentensi nzuri. "Aliyetengeneza hajui kazi" haikubaliki mezani.

Mwulize pia mwenyewe: "Wewe unataka gitaa hili lifanye nini? Gitaa gani litakufurahisha?" Mwingine anataka kupiga kanisani, mwingine anataka tu kumbembeleza mtoto. Kazi ya kurekebisha hutegemea jibu hilo.

Swali la amani: Katika kijiji chenu, ni nani huulizwa kwanza tatizo ni nini? Ni nani hasikilizwi kamwe?

Hatua ya 2: Pima

Wengi hutaka kushika tupa mara moja. Wazuie. Pima kwanza mambo manne:

1. Urefu wa uzi, kuanzia kijiti cha juu (karibu na kichwa) hadi daraja (kijiti kinachobeba nyuzi juu ya bati).
2. Mahali pa freti ya 12. Ni lazima iwe katikati kabisa ya urefu huo.
3. Kimo cha nyuzi juu ya freti ya 12. Milimita 3 au 4 zinafaa kwa gitaa la bati. Zikifika 8, vidole vitaumia.
4. Unyofu wa shingo. Weka rula juu yake na uangalie mwanga chini ya rula.

Andika vipimo ukutani au kwenye karatasi kubwa. Kipimo hakina kabila, na wote wawili wanaweza kukihakiki.

Hatua ya 3: Tafuta chanzo cha kila dalili

Hizi ndizo kasoro 5 tunazozikuta mara nyingi.

a) Nyuzi ziko juu mno. Dalili iko kwenye daraja, kwa hiyo wengi hulikata daraja. Lakini chanzo huwa ni shingo iliyovutwa mbele. Nyuzi 6 za chuma za gitaa la kawaida huvuta kwa jumla karibu kilo 70, yaani zaidi ya gunia la mahindi la kilo 50. Shingo iliyopigiliwa misumari miwili kwenye ukingo wa bati haiwezi kubeba mzigo huo. Dawa ni kutumia ubao mmoja unaopita ndani ya bati kutoka upande huu hadi upande wa pili. Hapo ubao ndio unaobeba mvuto, na bati linabaki huru kutoa sauti.

b) Nota za juu hazipatani na za chini. Chanzo ni freti zilizopangwa kwa nafasi sawasawa. Mtengenezaji alidhani kila hatua inalingana na nyingine. Kwa kweli nafasi hupungua kadiri unavyokaribia bati. (Tazama sanduku la vipimo.)

c) Uzi unalia kama nzi. Huenda freti moja ni ndefu kuliko jirani zake. Ipunguze kwa tupa, kidogo kidogo. Huenda mfereji wa kijiti cha juu umechimbika sana. Weka kipande chembamba cha pembe au mfupa. Au bati lenyewe limelegea. Mmoja apige, mwingine abonyeze bati sehemu mbalimbali kwa kidole. Mlio ukikoma, mmepata mahali pake.

d) Vigingi havishiki. Kigingi na tundu lake havina umbo moja. Chonga kigingi kiwe chembamba kuelekea mwisho, na tundu vilevile. Kikiteleza, paka chaki. Kikikwama, paka sabuni kavu.

e) Nyuzi hazilingani. Waya wa breki uliofumuliwa hutoa nyuzi za unene mmoja tu. Tumia nailoni ya wavuvi kwa nyuzi nyembamba, na sokota nyuzi mbili au tatu za waya kwa zile nene. Usichanganye uzi wenye kutu na uzi mpya.

Swali la amani: Taja jambo moja katika mtaa wenu ambalo watu hurekebisha dalili yake tu kila mwaka. Chanzo chake ni nini?

SANDUKU: Vipimo vya freti

Kwa gitaa lenye urefu wa uzi wa milimita 600, pima kila freti kutoka kijiti cha juu:

Freti ya 1: 33.7
Freti ya 2: 65.5
Freti ya 3: 95.5
Freti ya 4: 123.8
Freti ya 5: 150.5
Freti ya 6: 175.7
Freti ya 7: 199.5
Freti ya 8: 222.0
Freti ya 9: 243.2
Freti ya 10: 263.3
Freti ya 11: 282.2
Freti ya 12: 300.0

Njia ya mafundi wa zamani: Gawanya urefu wa uzi kwa 18. Jibu ndilo nafasi ya freti ya 1. Chukua urefu uliobaki, ugawanye tena kwa 18, upate freti ya 2, na kuendelea hivyo. Vincenzo Galilei, baba wa mwanasayansi Galileo, aliieleza njia hii huko Italia mwaka 1581. Ukitaka usahihi zaidi, gawanya kwa 17.817.

Njia ya karatasi: Kata karatasi yenye urefu sawa na uzi. Ikunje mara mbili: mkunjo ni freti ya 12. Ikunje katika sehemu tatu sawa: mkunjo wa kwanza ni freti ya 7. Ikunje katika sehemu nne: mkunjo wa kwanza ni freti ya 5. Kwa freti hizi tatu na masikio mazuri, unaweza kuzipata nyingine.

Tunashauri kuanza na njia ya karatasi kwa wote. Batwa wengi, na wasichana wengi wa jamii zote mbili, walinyimwa nafasi ya shule. Ukianza na hesabu ubaoni, aliyesoma atashika penseli na mwenzake atakuwa mtazamaji. Ukianza na karatasi, wote wawili wanaanzia mstari mmoja. Hesabu ifuate baadaye, ili wote waone kwamba inathibitisha mikunjo yao.

Hatua ya 4: Panga kazi kwa utaratibu

Utaratibu ni huu: shingo, halafu daraja, halafu freti, halafu vigingi na nyuzi, na mwisho milio midogo. Ukianza na freti kabla ya kunyoosha shingo, utazirudia. Wape washiriki nafasi ya kugundua jambo hili wenyewe kwa kuuliza: "Tukirekebisha hili kwanza, ni nini kitabadilika baadaye?"

Freti za zamani zitolewe, mifereji ijazwe kwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi, iachwe ikauke hadi kesho yake. Wakati wa masika acha siku mbili. Mbao mbichi isitumike kwa shingo, kwa maana itapinda tena ikikauka.

Hatua ya 5: Fanyeni kazi kwa zamu

Hapa ndipo mwezeshaji anatakiwa kuwa macho. Angalia nani anashika tupa na nani anashika msasa. Katika vikundi vyetu, bila mtu yeyote kuamuru, kijana Muluba mara nyingi huchukua kupima na kukata, na kijana Mutwa huachiwa kusugua na kuchota maji. Msichana naye huombwa kufagia. Hakuna aliyekusudia ubaya, lakini meza imerudisha utaratibu uleule uliozaa vita. Weka saa. Kila baada ya dakika 20 vifaa vibadilishane mikono.

Hatua ya 6: Jaribu na kurekebisha

Gusa uzi kidogo tu juu ya freti ya 12, bila kuukandamiza, kisha upige. Utasikia sauti nyembamba kama filimbi. Sasa kandamiza uzi hapohapo na upige tena. Sauti mbili zilingane. Ikiwa ile ya kukandamiza iko juu zaidi, sogeza daraja nyuma, mbali na shingo. Ikiwa iko chini, sogeza daraja mbele. Sogeza milimita moja tu kila mara. Kwa sababu hii daraja la gitaa la bati lisigundishwe. Liachwe likishikiliwa na mvuto wa nyuzi.

Hatua ya 7: Rudisha kwa mwenyewe

Gitaa lirudishwe mbele ya wote. Waliolitengeneza waeleze walichofanya, walichoshindwa, na jinsi ya kulitunza. Mwenyewe alipige kwanza, kabla ya mtu mwingine. Aliyelitengeneza tangu mwanzo apewe heshima yake: bila kazi yake ya kwanza, hakungekuwa na kitu cha kurekebisha.

Malipo yakifika: mfano mmoja

Ujuzi ukienea, wateja huja. Hapo ndipo somo linapojaribiwa.

Katika kikundi kimoja karibu na Kalemie, vijana wawili, mmoja Muluba na mwingine Mutwa, walitengeneza gitaa la kwaya moja kwa franka 10,000. Kazi ilichukua siku tatu. Siku ya kulichukua, mteja alimpa Muluba noti zote. Kwa Mutwa alitoa kikombe cha chumvi na kusema, "Nawe asante kwa kusaidia." Muluba hakusema neno. Aliweka noti mfukoni, na jioni akamletea mwenzake franka 2,000.

Mutwa alizikataa. Alisema, "Yaya, shingo niliipima mimi. Kama kazi ni ya sisi wawili, na franka ni za sisi wawili. Kama mimi ni mtumishi wako, ungeniambia tangu siku ya kwanza." Akaondoka, na kwa wiki mbili hakuja. Batwa wengine watatu nao hawakuja. Ndugu zao walisema kwamba mradi huu ni kama mashamba ya zamani.

Kijana Muluba kwanza alijitetea: si yeye aliyegawa, ni mteja. Hilo lilikuwa kweli. Wazee wawili wa baraza, mmoja wa kila jamii, walikaa naye. Mzee Muluba alimwuliza swali moja tu: "Mwanangu, ile chumvi ungepewa wewe, ungeenda nayo nyumbani?" Kijana hakujibu. Kesho yake alikwenda kwa mwenzake, pamoja na wazee, akiwa na franka 5,000 na daftari.

Daftari ndilo lililobaki kuwa kanuni ya kikundi. Kila kazi huandikwa kwa majina mawili, na asiyejua kuandika huweka alama ya kidole. Bei hutajwa kwa mteja na wote wawili. Franka huwekwa mezani, huhesabiwa mbele ya wote, kisha hugawanywa. Mteja akitaka kumlipa mmoja, huambiwa kwa adabu kwamba duka halina bosi. Wateja wawili walikasirika na kwenda zao. Kikundi kilikubali hasara hiyo.

Mfano huu unatufundisha mambo matatu. Kwanza, dharau inaweza kuletwa na mtu wa nje. Lakini anayenyamaza akifaidika nayo, anaibeba pia. Pili, msamaha wa maneno haukutosha. Ilihitajika franka zilizopungua na utaratibu mpya. Tatu, wazee hawakuulizwa kuhusu gitaa. Waliulizwa kuhusu haki, na hapo ndipo baraza lina uwezo kuliko sisi wafanyakazi wa mashirika.

Mipaka ya somo hili

Tusiahidi kupita kiasi. Gitaa halirudishi shamba lililochukuliwa, wala halimrudishi aliyeuawa. Sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022 inalinda haki za watu wa asili Batwa katika Kongo, pamoja na ardhi, elimu na afya. Lakini sheria iliyo Kinshasa inahitaji watu wa kuidai na kuitekeleza kijijini. Somo la ufundi lisitumiwe kuwanyamazisha wanaodai. Likiendeshwa vizuri, hufanya kinyume chake: kijana aliyezoea kusema "kipimo hiki si sawa" mezani, atathubutu kusema vivyo hivyo mbele ya chifu.

Vilevile, usimlazimishe mtu aliyepoteza ndugu zake kuketi na yule anayemwogopa. Anza na walio tayari. Wengine watasikia sauti, watakuja kuchungulia.

Maswali ya majadiliano

1. Katika jamii yenu kuna kitu gani kibovu ambacho watu wa pande zote wangependa kitumike tena: kisima, mashua, daraja, baiskeli, redio? Je, kinaweza kuwa somo kama hili?
2. Katika kazi za pamoja kwenu, nani hupewa kazi za kufikiri na nani kazi za kubeba? Nani aliamua hivyo?
3. Mngekuwa wenye duka, mngemwambiaje yule mteja? Igizeni mazungumzo hayo, kisha badilishaneni nafasi.
4. Je, kijana Mutwa alifanya vema kukataa franka 2,000? Angefanya nini kingine?
5. Ni kasoro gani katika jamii yenu haiwezi kurekebishwa na vijana peke yao? Ni nani anapaswa kuwajibika, na mtamfikiaje?

Kazi ya nyumbani

Kabla ya mkutano ujao, kila wawili watafute chombo kimoja kibovu mtaani. Wamwulize mwenyewe maswali mawili: kinapaswa kufanya nini, na lini kiliacha kufanya hivyo. Wasiguse chochote bado. Walete majibu tu, yaliyoandikwa au yaliyokaririwa, na kila mmoja asimulie nusu yake.